Ushirika wa Mawimbi na Makato Yake: Kuisoma Makala ya 2005 Ukiwa Newala

Leo hatufafanui dhana mpya, leo tunakosoa. Makala tunayoikosoa ni ya mwaka 2005. Waliiandika Hideki Ochiai, Patrick Mitran, H. Vincent Poor na Vahid Tarokh, ikatoka kwenye jarida la IEEE linaloshughulika na uchakataji wa mawimbi. Inazungumzia vihisi vidogo visivyotumia waya, vimetawanyika shambani bila mpangilio, na namna vinavyoweza kurusha ujumbe mmoja kwa pamoja ili ufike mbali kuliko kila kimoja kingefika peke yake. Wanafunzi wenzetu wanaipenda sana. Ukiitaja kwenye andiko la utafiti, kazi yako inaonekana ina hesabu nzito nyuma yake.

Tatizo langu ni kwamba inatajwa kama ushahidi wa kitu ambacho yenyewe haikukithibitisha, yaani kwamba ushirika unaokoa betri. Nataka tuisome tukiwa tumesimama mahali maalumu, kwenye mikorosho ya Newala, halafu tuangalie chini upande wa Masasi.

Kwa nini huko? Kwa sababu kuna mtu anayehitaji jibu. Mkorosho ukianza kutoa maua wakati wa kiangazi, ugonjwa wa ubwiri unga unaingia kwenye majani machanga na maua, na mkulima anapuliza salfa. Ratiba ya salfa inarudiwa kila wiki mbili hivi, awe ameuona ugonjwa au hajauona. Kihisi cha joto, unyevu na umande kikiwekwa ndani ya mti wenyewe kinaweza kumwambia wiki hii ina hatari au haina. Salfa ni pesa, na mfuko mmoja usiopulizwa bure ni akiba. Kinyume chake ni kibaya zaidi: kihisi kikinyamaza kwa sababu betri imekufa, yeye atadhani shwari, na maua yatakauka. Kwa hiyo tunapojadili betri hapa, tunajadili korosho za mtu.

Sasa wazo lenyewe. Fikiria watu kumi wamesimama pale Shimo la Mungu, ukingoni Newala, wanamwita mtu aliye bondeni. Kila mmoja akiita kwa wakati wake, wa bondeni anasikia makelele tu. Wakiita kwa mkupuo mmoja, anageuka. Mawimbi ya redio yanataka zaidi ya hapo: lazima kilele cha wimbi la kifaa kimoja kikutane na kilele cha wimbi la kifaa kingine palepale penye antena ya kupokea. Hiyo ndiyo tunaita kuwa kwenye fezi moja. Vifaa kumi vikifanikiwa, kimo cha wimbi kinakuwa mara kumi, na kwa kuwa nguvu inakwenda na mraba wa kimo, nguvu inayopokewa inakuwa mara mia. Kwa lugha ya mafundi, desibeli 20. Hakuna uchawi: nguvu ya ziada imetolewa kwenye pande nyingine, ambako mawimbi yanafutana.

Uzuri wa makala ya Ochiai na wenzake uko hapa, na sitaki mtu aseme nimeudharau. Antena za kawaida za aina hii hupangwa kwa vipimo, kama askari kwenye gwaride. Wao wakauliza: zikitupwa ovyo itakuwaje? Wakachukua nadharia ya antena zilizotawanywa kwa bahati nasibu, ambayo Y. T. Lo aliijenga mwaka 1964, wakaonyesha kwamba vifaa N vilivyotawanyika ndani ya duara, mradi viwe mbalimbali vya kutosha, vinaweza kulenga upande mmoja kwa uwezo unaokaribia N. Na miali inayovujia pembeni, kwa wastani, inabaki midogo.

Ukiwa Newala jambo hili linachekesha kidogo, kwa sababu linageuza ushauri wa bwana shamba juu chini. Leo mikorosho inapendekezwa ipandwe kwa mistari, mita 12 kwa 12. Kwa masafa ya karibu megahezi 868, ambayo vifaa vingi vya LoRa vinatumia, urefu wa wimbi ni kama sentimita 34.5. Maana yake kati ya mti na mti kuna mawimbi 35 hivi. Ukiweka kihisi kwenye kila mti wa shamba la mistari, utaratibu wenyewe unakuadhibu: badala ya mwali mmoja unapata miali mingi yenye nguvu sawa, inayoelekea pande usizozitaka. Shamba la babu, ambako mikorosho iliota ilipoota, ndilo linalofaa. Ovyo ni bora kuliko mstari. Matokeo ya namna hii ndiyo yanayonifanya nisome hesabu mpaka usiku.

Basi, sifa zimekwisha, sasa tuingie kwenye mikataba. Kila makala ya nadharia ina ukurasa wa masharti, na hapa yameandikwa wazi kabisa, waandishi hawakuficha kitu. Hakuna kitu kinachoakisi au kutawanya mawimbi. Antena zinarusha sawasawa pande zote. Upotevu wa nguvu njiani ni uleule kwa vifaa vyote. Mpokeaji yuko mbali. Halafu kuna hali mbili: ama vifaa vinajua mahali vilipo na kujipangia fezi vyenyewe, au vinapata msaada wa mpokeaji. Kwa hali zote mbili walikokotoa pia nini kinatokea makosa yakiingia. Kwa hiyo kosa si la waandishi. Ni letu sisi tunaonakili kielelezo cha mwali mzuri na kuruka ukurasa wa masharti.

Tuchukue hali ya kwanza, ya kujua mahali. Ili usipoteze sana, kosa la fezi linatakiwa libaki kama nyuzi 30, ambapo bado unabaki na robo tatu hivi ya faida. Likifika nyuzi 60 unabaki na theluthi tu. Nyuzi 30 ni moja ya kumi na mbili ya wimbi, yaani chini kidogo ya sentimita tatu. Sasa chukua GPS ya bei ya kawaida, inayokosea mita kadhaa. Mita tatu ni karibu mawimbi tisa. Hapo husemi tena kuna kosa kidogo. Hujui lolote kuhusu fezi. Utasema tupime kwa futi kamba, vihisi vimefungwa kwenye matawi. Sawa, upepo ukivuma tawi linahama zaidi ya sentimita tatu. Kazi imeisha.

Sharti la kuwa mbali ndilo ninaloona linapitwa na wengi, kwa hiyo niliangalie kwa karibu. Kwa antena yenye upana D, umbali ambao mawimbi yanaanza kuonekana yamenyooka ni mara mbili ya mraba wa D, ugawe kwa urefu wa wimbi. Weka shamba la upana wa mita 200, ambalo si kubwa hata kidogo. Jibu ni kilomita 230 na ushee. Kutoka Newala mpaka Lindi mjini kwa mstari wa ndege hata 120 hazifiki. Masasi iko karibu kilomita 60. Kwa shamba hilo, hakuna mtu wa Masasi wala wa Lindi mjini ambaye yuko mbali kwa maana ya makala. Ukitaka mpokeaji wa kilomita 30 ahesabiwe yuko mbali, vihisi vyako vyote viwe ndani ya mita 72 hivi, yaani miti sita au saba kwa upana. Mtandao wa vihisi gani huo, wa miti sita?

Hali ya pili, ya kusaidiwa na mpokeaji, ina afya zaidi. Hapa warithi wa makala wamefanya kazi nzuri. Raghuraman Mudumbai, Upamanyu Madhow na wenzao walitoa njia ambayo mtu yeyote anayejua kurekebisha antena ya TV juu ya bati ataielewa. Kila kifaa kinabadilisha fezi yake kidogo, kwa kubahatisha. Mpokeaji anajibu kwa neno moja tu: imeongezeka, au haijaongezeka. Ikiongezeka, wote mnabaki na badiliko. Isipoongezeka, mnarudi mlipokuwa. "Hapohapo, usiguse!" Njia hii haijali majani, haijali ramani, haijali kama mpokeaji yuko mbali au karibu, maana haiulizi fezi imetoka wapi. Na idadi ya majaribio inakua sambamba na idadi ya vifaa, hailipuki.

Inachojali ni saa. Kila kihisi kina kristali yake inayompigia mdundo, na kristali za bei nafuu hupishana, tuseme sehemu 10 kwa milioni. Kwenye megahezi 868 hiyo ni mizunguko 8,680 kwa sekunde. Vifaa viwili vilivyokuwa kwenye fezi moja vinazunguka duara zima la fezi kila mikrosekunde 115. Ujumbe wa baiti 20 kwa kasi ya haraka ya LoRa unachukua kama milisekunde 57, kwa hiyo kabla ujumbe haujaisha fezi imezunguka karibu mara 500. Hata ukirekebisha saa mpaka sehemu 0.1 kwa milioni, bado mizunguko mitano. Na kihisi kimoja kikiwa juani, kingine kivulini chini ya mti, kila kristali inaenda kivyake. Wapo waliofanikiwa kufukuzana na mzunguko huo. Mwaka 2013 François Quitin, Mahboob Rahman, Mudumbai na Madhow walionyesha mfumo unaofanya kazi hewani kweli. Lakini walitumia redio za kuprogramu za USRP, ambazo kifaa kimoja kinazidi dola 1,000. Ukifunga hiyo kwenye mkorosho, usiku wa kwanza itaibwa.

Sasa tufike kwenye makato. Mkulima yeyote wa Masasi au Newala aliyeuza kwa stakabadhi ghalani, mfumo uliofika Mtwara mwaka 2007, anajua tofauti kati ya bei ya mnada na kinachoingia mkononi. Redioni anatangaziwa bei ya mnada. Anayorudi nayo nyumbani ni bei ukitoa makato. Makala za ushirika wa mawimbi zinatangaza bei ya mnada: desibeli 20, mara mia. Tupige hesabu ya mkononi, tukitumia kifaa halisi, chipu ya SX1276 ya Semtech. Ikisikiliza inakula kama miliampia 11. Ikirusha kwa desibeli-miliwati 13 inakula 29, na kwa 7 inakula 20. Ona hapo kwanza: nguvu inayotoka kwenye antena imepungua mara nne, lakini betri imepumzishwa theluthi tu. Nadharia inahesabu wati za hewani, ila betri inahesabu kila kitu.

Kihisi kimoja, peke yake, kikitumia kasi ya polepole kabisa ya LoRa ili kifike mbali, kinarusha kama sekunde 1.3. Mara 29, ni miliampia-sekunde 38 hivi.

Sasa ushirika wa kumi. Kabla ya kurusha pamoja, wote wawe na ujumbe uleule, kwa hiyo mmoja anawaambia tisa: 20 za kusema, 99 za kusikiliza, kwa milisekunde 57, karibu 7. Halafu kumi wanarusha kwa pamoja, kila mmoja kwa nguvu ya chini. Kwa fezi kamilifu wanapata desibeli 14 zaidi ya yule mmoja, na hiyo inatosha kabisa kutumia kasi ya haraka: 200 mara milisekunde 57, karibu 11. Jumla 18. Kumbe ushirika unashinda! Kumi na nane dhidi ya thelathini na nane, nusu ya gharama. Nakiri ni matokeo mazuri, na mtu anayesema kugawana ujumbe peke yake kunaua wazo hili hajapiga hesabu.

Lakini angalia kilichobaki mfukoni: miliampia-sekunde 20, za kuwapanga wote kwenye fezi moja. Vifaa kumi vikisikiliza tu vinakula 110. Gawa. Mna sekunde 0.18 za kupangana, kumi nyote, na hapo sijahesabu kurusha kwa majaribio. Tuseme majaribio 50, kila moja milisekunde 5: robo ya sekunde. Faida imekwisha, mmeanza kudaiwa. Na kwa saa ile ya sehemu 0.1 kwa milioni, fezi uliyoipata kwenye jaribio la kwanza imeshahama robo duara na zaidi kufikia jaribio la pili. Kihisi cha korosho kinaamka mara moja kwa saa, kinatuma, kinalala. Kila kikiamka kupangana kunaanza upya. Mshahara wote unaishia kwenye makato, na tena kila siku.

Hapo ndipo nasema makala hii isitajwe kwenye andiko kama sababu ya kuokoa betri, mpaka mwandishi wa andiko aonyeshe hizo sekunde 0.18 atazipataje.

Na bado hatujaangalia nchi yenyewe. Uwanda wa Makonde unapanda polepole kutoka pwani, halafu magharibi unakatika ghafla. Newala imekaa juu ya ukingo huo, Masasi iko chini, kwenye nchi ya tambarare na milima ya mawe kama Mtandi. Watu wa juu wameulipia urefu huu miaka yote kwa maji: udongo wa kichanga unanywa mvua yote, na maji ya chanzo cha Mitema lazima yasukumwe kwa pampu kupanda juu. Redio ni kinyume. Urefu unaoadhibu maji unaizawadia antena. Weka kipokezi kimoja ukingoni, mita 200 juu ya nchi iliyo chini yake, na upeo wake wa redio unafika karibu kilomita 58. Kihisi kilicho kilomita 30 chini, kikiuona ukingo bila kizuizi, kinapoteza njiani kama desibeli 121. LoRa kwa kasi yake ya haraka inavumilia zaidi ya 135. Kinatuma peke yake, milisekunde 57, miliampia-sekunde 1.7. Siyo 38, siyo 18. Mlima umefanya kazi ya ushirika wote na haukudai betri. Ramani ya mita za urefu ingepaswa kuwa ukurasa wa kwanza wa andiko lolote la huko, kabla ya hesabu ya fezi. Hata vituo vya hali ya hewa vya TAHMO, vilivyoenea nchi nyingi za Afrika na vingi vikiwa mashuleni, havikujisumbua na ushirika: kila kimoja kinatuma chenyewe kupitia laini ya simu.

Ila usinishangilie mapema. Mashamba ya chini yanauona ukingo, ya juu hayauoni. Ukienda ndani ya uwanda, mbali na ukingo, nchi ni bapa na mikorosho ni minene, kihisi kiko ndani ya majani kwa sababu ugonjwa uko ndani ya majani, na hakuna mlima wa kukusaidia. Huko ushirika unahitajika kweli. Swali ni ushirika upi. Upo ule wa kupokezana: nipe ujumbe, nitaufikisha kwa jirani. J. Nicholas Laneman, David Tse na Gregory Wornell waliuwekea nadharia nzuri mwaka 2004, na hauhitaji fezi. Upo na ule wa Glossy, uliotoka ETH Zürich mwaka 2011, ambako vifaa vyote vilivyosikia ujumbe vinaurudia papo hapo kwa pamoja, vikipishana chini ya nusu mikrosekunde. Nusu mikrosekunde inawezekana kwenye chipu ya bei nafuu. Moja ya kumi ya nanosekunde, ambayo ndiyo nyuzi 30 zetu, haiwezekani. Maelezo yao kwamba mawimbi yanajengana yalikosolewa baadaye na watafiti wengine, waliosema mafanikio yanatokana zaidi na sababu nyingine, kwa mfano kipokezi kung'ang'ania ishara yenye nguvu zaidi. Mfumo uliendelea kufanya kazi hata hivyo. Mimi kwa katikati ya uwanda ningeanzia hapo.

Kuna jambo moja tu linalonifanya nisiitupe makala ya 2005 kabisa, na ni jambo ambalo yenyewe wala haikulisema kwa fahari. Kwenye kurusha kwa pamoja, wote wanachangia sawa. Kwenye kupokezana, kihisi kilicho karibu na ukingo kinabeba ujumbe wa mashamba yote yaliyo nyuma yake. Betri yake inakufa ya kwanza, na ikifa, mashamba yote ya nyuma yananyamaza siku hiyohiyo, katikati ya msimu wa maua. Kihisi hicho kipo kwenye mkorosho wa mtu. Ni yeye atapanda mti mara kwa mara kubadilisha betri ili wenzake wajue lini wapulize salfa, na sijaona andiko linalosema betri hizo atanunua nani.